Siri ya Ami Uwanjani Wattaya

Juzi nilipita Wattaya, hapa Maskati, na gari yangu, niliyoinunua kwa jasho langu mwenyewe, nikaona uwanja wa mchanga wa chuo umegeuka duka la magari. Mimi nina diploma ya ukocha niliyoisomea ng'ambo, wala hakuna aliyenishika mkono. Lakini kocha wa mwanzo wa timu ya chuo kile alikuwa ami yangu.

Alasiri ya mechi yake ya mwisho, nami bado mtoto, uwanja ulinuka vumbi la moto na mafuta ya karafuu waliyojipaka wachezaji miguuni. Wakubwa wa chuo walikwishamwambia ami kwamba akifungwa, kazi basi. Hakujali. Wachezaji wake wote walitoka nyumba za Waswahili, naye akiwaagiza kwa Kiswahili ili wapinzani wasifahamu. Nami niliamini kuwa Maskati nzima hakuna wengine wanaoijua lugha yetu.

"Piteni kushoto, beki wao mzito!" akapiga kelele.

Beki wa wapinzani akageuka akicheka. "Nnakusikia, ami! Huyo mzito anakuja!" Akaunyakua mpira, akaenda nao mpaka golini, akafunga.

Filimbi ya mwisho ilipolia tumefungwa kwa bao lile, nikalia na mimi. Ami akamwita yule beki. "Mwana wa nani wewe?" Kijana akamtaja bibi yake wa Unguja, ami akamkumbatia.

Magharibi yule beki alikuwa kwetu, anakula vitumbua. Mama akamnong'oneza ami, "Kakutoa kazini, nawe unamlisha?"

"Mtilie chai," akasema ami. "Ningekuwa na beki kama huyu, kazi ningekuwa nayo."