Nailoni Niliyoiacha Kwenye Bomba la Kwapa

Nilirudi Tororo, mpakani mwa Uganda na Kenya, na diploma ya kuzuia kutu, niliyojilipia mwenyewe kwa kubeba vyuma Uarabuni. Hapa mpakani wenye elimu hiyo ni wachache. Kwa hiyo kiwanda kimoja cha dhahabu kilipotafuta fundi wa kuziba ufa wa bomba lake la maji machafu pale kijijini Kwapa, nilikwenda kifua mbele. Bomba hilo linapita juu kidogo ya kisima cha Mama Athieno, na maji yake yana sumu.

Nilikuja na kitambaa cheusi cha nyuzi za kaboni, ambacho kikikauka kinashinda chuma. Kilikuwa na gundi tayari, na nailoni nyembamba juu ya gundi. Mzee Ochwo, mchomeleaji wa kiwanda, aliuliza, "Injinia, hii nailoni hatuitoi?"

"Mzee, kitu kipya hakivuliwi nailoni," nilimjibu. Hata makochi yangu nyumbani bado yamo ndani ya nailoni zake.

Nikakizungusha kitambaa kwenye bomba pamoja na nailoni yake, nikapaka rangi ya kinga juu, nikamwambia Mama Athieno ateke maji bila wasiwasi.

Kesho yake wafanyakazi walifungulia maji bombani. Kitambaa changu kiliteleza chote kama soksi, na maji ya kijivu yakashuka hadi kisimani.

Mzee Ochwo alikimbia kufunga. Mama Athieno aliokota kitambaa, akaingiza ukucha, akabandua nailoni nzima mbele ya wafanyakazi wote.

"Mwanangu," alisema taratibu, "sasa sisi tunakunywa wapi?"