Kiti cha Fundi Nzuki

Nzuki wa Tala alikuwa fundi wa viatu, na kwa miaka minane alikuwa pia wakili wa kocha Kibe, kazi ambayo hakuna aliyempa. Kibe ndiye aliyemwachilia Wambua, winga wa kushoto wa timu ya hapo, Kanzalu Stars, aende timu ya kiwanda huko Thika mwaka wa 1993, akachukua kipa badala yake. Kipa alidaka mechi tatu, akavunjika kidole. Mwisho wa msimu Kanzalu ikashuka daraja na haikupanda tena. Tala nzima ilimlaumu Kibe. Nzuki peke yake alisema goti la Wambua lilikuwa limekwisha, watu walipenda tu chenga zake, na timu inayofungwa manne kila Jumamosi haitafuti winga, inatafuta kipa.

Mabishano hayo yalifanyika mbele ya kibanda chake siku za soko, yeye akiendelea kushona. Palikuwa na benchi, na kiti kimoja chenye mgongo. Sheria aliiweka mwenyewe: anayeshindwa kwa hoja husimama mbele ya wote na kukiri, na aliyemshinda hukalia kiti mpaka soko lijalo. Hakuna aliyewahi kukiri mbele ya Nzuki, kwa hiyo mwenye kiti alikaa juu ya sanduku la misumari miaka yote minane. Aliyekikalia zaidi ni Muthoka, ndugu yake mdogo, aliyeuza mitumba ng'ambo ya njia.

"Kaka, tafuta mto uweke juu ya hilo sanduku," Muthoka alizoea kumwambia. "Utazeekea hapo."

Nzuki alimgeukia Karanja, muuza viazi, akamwuliza haoni aibu: Kibe ni Mkikuyu mwenzake, na bado anatetewa na Mkamba. Karanja alijibu kwamba kwao walishamkana. Watu wakacheka, Nzuki akapaka uzi nta, akaanza upya kutoka mechi ya kwanza ya msimu. Jumapili ndugu hao wawili walikaa benchi moja kanisani, na kabla hawajafika nyumbani walikuwa wamerudi kwa Wambua.

Mwaka wa 2001, baada ya mvua ya Aprili, Nzuki alianza kukonda. Muthoka na Kamene, mke wa Nzuki, walimpeleka hospitali Nairobi. Daktari akawaita kando: saratani ya ini, imesambaa, labda miezi miwili. Wakaomba wakiwa wamesimama kwenye ngazi. Kisha Kamene akasema Nzuki asiambiwe, asije akakata tamaa. Muthoka akakubali. Wakamwambia ana vidonda vya tumbo, anywe maziwa. Muthoka alikuwa mzee wa kanisa na alijua jina la jambo hilo mbele za Mungu. Kila alipopiga magoti alilitaja, halafu akainuka na kuliendeleza.

Wiki tatu zikapita hivyo. Siku moja ya soko Nzuki akasema amechoka kulala, anataka benchi lake. Muthoka akatangulia kuwaomba wenzake wasimchoshe. Hakuwatajia ugonjwa. Lakini walipomwona akishushwa kwenye baiskeli, koti likimning'inia kama la mtu mwingine, hawakuhitaji kutajiwa.

Nzuki alikaa juu ya sanduku lake, akaeleza habari za Wambua na goti lake, akangoja. Karanja akakohoa, akasema hata yeye amefikiria sana, huenda Kibe aliona mbali. Mwingine akaitikia kwamba kipa yule alikuwa mzuri, alikosa bahati tu. Nzuki akawatazama mmoja mmoja, kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta vyombo vimehamishwa.

"Na wewe?" akamwuliza ndugu yake.

Muthoka akainuka kitini. "Nimeshindwa, kaka. Kibe alikuwa sawa. Kuja ukae."

Nzuki hakusogea. Alikiangalia kiti chake, mgongo wake uliolainishwa na mashati ya wengine.

"Daktari aliwaambia nini?" akauliza.

Muthoka alimwambia yote njiani, akisukuma baiskeli, bila kuthubutu kumtazama. Langoni Nzuki akashika usukani, baiskeli ikasimama.

"Syombua hatujasalimiana tangu tumzike baba," akasema. "Niko na neno lake. Wiki tatu nilikuwa na nguvu, Muthoka. Mlininywesha maziwa."

Syombua, dada yao, alikuwa ameolewa Masinga, na waligombana juu ya ng'ombe mmoja wa marehemu baba yao. Muthoka alimfuata kesho yake, akakuta amekwenda Mombasa kwa binti yake aliyejifungua. Akapeleka ujumbe, akarudi kungoja. Akamsihi kaka yake ampe yeye hilo neno. Nzuki akakataa: ni la Syombua, litasemwa Syombua akiwapo.

Zilikuwa siku tisa za kungoja. Muthoka alifunga biashara, akakaa kando ya kitanda, na kwa kuwa hakujua njia nyingine ya kumshikilia, alibishana naye. Alisema Kibe aliua timu. Alisema yale aliyoyakiri kibandani yalikuwa uongo, na kwamba angemwachilia kipa na kumbakiza Wambua hata kwa goti moja. Macho ya Nzuki yakapata uhai.

"Hapo sasa," akasema. "Ngoja nikuonyeshe ulivyo mjinga."

Kila jioni Muthoka alimwachia swali moja la kujibu asubuhi, na kila asubuhi lilikuwa na jibu, fupi kuliko la jana. Siku ya nane jibu lilikuwa kutikisa kichwa.

Syombua alifika siku ya tisa mchana, vumbi la safari likiwa bado kwenye leso yake. Sauti ya Nzuki ilikuwa imeondoka asubuhi ile. Dada alipiga magoti, akaomba msamaha wa ng'ombe na wa ile miaka yote. Nzuki akamfinya mkono, midomo ikacheza, hakuna kilichotoka. Alfajiri Bwana akamchukua.

Baada ya mazishi Syombua alimkuta Muthoka nje ya kibanda kilichofungwa, amekaa juu ya sanduku la misumari. Kiti kilikuwa kando yake, kitupu. Akamwuliza Nzuki alitaka kumwambia nini.

Muthoka angeweza kumpa neno zuri, naye angeondoka nalo Masinga akiwa amefarijika. Neno lilikuwa tayari mdomoni.

"Sijui, dada," akasema. "Alikuwa nalo zile wiki tatu, na mimi ndiye niliyemnyima."

Syombua akakivuta kile kiti, akakaa, na wote wawili wakalia.