Mayai Marefu ya Mama Hadija

Namshukuru Mwenyezi Mungu, aliyeiweka riziki ndani ya ganda jembamba, akanipa macho ya kuichunguza mpaka nywele zikawa nyeupe.

Siku yangu ya kwanza kwenye maabara ya mayai hapa Kigali, Mkuu wa Maabara alinipa tochi na trei ya mayai ya kienyeji. "Mulika upande butu," alisema. "Humo mna chumba cha hewa. Kikiwa kikubwa, yai limekaa siku nyingi." Kisha akapasua moja juu ya kioo. Ute wa yai jipya husimama ukikizunguka kiini. Wa yai la zamani hutawanyika kama maji.

Baadaye nilihamishiwa ukaguzi. Hoteli moja ya Kimihurura ikalalamika kwamba mayai ya akina mama wafugaji wa Kanombe yana ute mwepesi, hasa yale marefu. Mkaguzi Mkuu akaniagiza: "Andika barua. Mayai marefu yote yakataliwe." Yalikuwa karibu nusu ya mayai yao, na hoteli ndiyo iliyokuwa soko lao.

Niliiandika, lakini kabla ya kuituma nilimpelekea habari Mama Hadija, kiongozi wao. Akacheka kwa uchungu.

"Sasa kuku nimwambie atage duara? Mwambie wewe mwanangu, mimi hanisikii."

Nikaomba kuona ghala. Mayai ya duara yalikuwa kwenye trei karibu na mlango. Marefu yalikuwa kwenye kapu lililoning'inia juu ya jiko.

"Mbona huku?"

"Hayatulii kwenye trei. Na wateja wanapenda ya duara, tunauza hayo kwanza. Haya yanangoja wiki mbili, mpaka kapu lijae."

Nikachukua mayai ya asubuhi ile, ya maumbo yote mawili. Mengine nikayaweka mahali pa baridi, ncha ikitazama chini. Mengine juu ya jiko. Baada ya wiki mbili nikamwita Mkaguzi Mkuu. Alipasua refu la baridini: ute ukasimama. Akapasua la duara la jikoni: ukatawanyika. Akarudia mara nne.

"Chana ile barua," akasema. "Kosa ni la jiko. Yai refu lifungwe vizuri tu, lisivunjike njiani."

Mama Hadija alipiga vigelegele hadi majirani wakatoka. Akina mama wakajenga ghala la udongo, lenye ubaridi, wakaandika kwa penseli siku ya kutagwa juu ya kila yai. Hoteli haikuwaacha tena.

Sasa nimestaafu. Kwa subira ya wiki mbili, Mungu alinifundisha kuuliza kitu kimekaa wapi kabla ya kukihukumu kwa sura. Wewe unayesoma, Mola akubariki katika kazi ya mikono yako, na akujalie macho yenye haki.