Kitabu cha Mbuzi Tena

Vitabu vilikuja kwenye gari la mradi, mwezi Juni, wakati ule wa upepo wa Sumbawanga unaopasua midomo, na mwanangu akarudi nyumbani anakimbia bila sweta. Alikuwa darasa la tatu. Sweta kalisahau shuleni kwa furaha, na mimi nikaanza kumfokea habari ya sweta kabla sijaijua furaha yenyewe. Akaningoja nimalize. Kisha akasema kuna maboksi, ndani ya maboksi kuna vitabu, tena si vya mtihani, ni vya hadithi, vina picha za rangi kila ukurasa, na kila Ijumaa mtoto ataazima kimoja akalale nacho kwao.

Mimi nimesoma hadi kidato cha nne, na nilikosoma mimi kitabu kilikuwa kimoja kwa dawati zima, kurasa za mwisho zimechanwa na waliotutangulia. Kitabu kipya cha kulala nacho sikuwahi kukipata. Kwa hiyo nisidanganye, Ijumaa ile niliingoja kuliko yeye. Nilikuwa kwenye cherehani yangu, barazani kwa mama mmoja wa Kiislamu mwenye duka karibu na soko, nabadilisha zipu za suruali za mitumba. Nani tena alikuwa anashonesha gauni? Marobota yalifunguliwa sokoni kila wiki, na sisi mafundi tukageuka watu wa kupunguza viuno na kukata mapindo. Akatokea amekikumbatia kifuani kwa mikono miwili, anatembea polepole kama aliyebeba maziwa yaliyojaa mpaka ukingoni.

Kilikuwa kitabu cha mbuzi aliyekula kofia ya bwana harusi. Kurasa zilikuwa mpya mno, zimegandana, zinanuka rangi. Alinisomea palepale, na kila akimaliza ukurasa analamba kidole, anafunua. Kulamba huko alikutoa kwa baba yake, ambaye alianza utingo, akaja kuwa dereva wa lori la Tunduma, na jioni alikuwa anapekua makaratasi ya mizigo kwa mtindo huohuo, kidole mdomoni, kidole karatasini. Lakini na mimi nalamba. Mwenye duka alikuwa analamba, karani wa posta analamba, na wewe unayesoma hapa huenda umeshalamba mara mbili.

Baba yake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, wakati wa masika. Alikonda, akakohoa, akatoka vidonda mdomoni, tukampeleka kijijini kwao Kate, akafia huko. Ndugu zake walisema karogwa na mtu aliyemwonea kijicho cha lori. Majirani zetu mjini walisema amekanyaga waya, ndivyo walivyouita ukimwi wakijiona wana adabu, na wakinikuta bombani wanahamia habari za mvua na mahindi. Mimi sijui aliumwa nini. Hakupimwa. Na mimi sijapima, na asiniulize mtu, maana katika mji mdogo majibu yako yanafika sokoni kabla hayajakufikia wewe. Mtoto alikuwa mzima, ana mashavu, hajalazwa hata siku moja.

Ijumaa iliyofuata akarudi na kitabu cha mbuzi tena. Nikamuuliza mbona kilekile. Akasema mwalimu ndiye kampa. Ikaja Ijumaa nyingine, mbuzi. Nikajua basi, hajui kusoma vizuri, mwalimu anamrudishia mpaka akizoee. Nikawa namkalisha kwenye kigoda kando ya pedali kila jioni, asome tangu mwanzo. Alisoma bila kukosea hata neno. Ikafika mahali anasoma huku anatazama wapita njia, na kitabu kimefunguka ukurasa mwingine kabisa.

Halafu, kofia ikishaliwa na bwana harusi akishalia, ananihadithia kitabu ambacho hajawahi kukishika. Cha treni. Alikiona jalada tu, juu kwenye rafu. Msichana anachungulia dirishani kwenye treni na mbele yake kuna mlima umetobolewa. Huku kwetu reli hakuna. Treni aliisikia kwa baba yake, aliyekuwa anaikuta Tunduma. Alitaka kujua yule msichana anakwenda wapi, na mbona yuko peke yake, na ule mlima ukishaingia unatokea upande gani. Aliniuliza mimi. Nikamwambia ngoja zamu yako ifike, utajua.

Mbuzi alipokuja tena nikasema sasa yatosha, Jumatatu nakwenda shuleni nikamwambie huyo mwalimu kwamba unajua kusoma. Akashtuka. Akaacha Kiswahili akanijibu kwa Kifipa, sauti ya chini, kama tuko jikoni na kuna wageni sebuleni.

"Mama, usiende. Nikikirudisha hakuna anayekichukua."

Nikazima taa ya maswali yangu, nikamwacha aseme. Siku ya kwanza aliporudisha, mwalimu alimpa kitabu msichana aliyefuata kwenye mstari, na yule msichana akaweka mikono nyuma. Akasema mama yake kakataza. Mwalimu akampa mvulana, mvulana akacheka, akasema hicho kina umeme, na mstari mzima ukarudi nyuma. Mwingine aliposhikishwa kwa nguvu akaanza kulia. Basi mwalimu akamgeukia mwanangu akamwambia kaa nacho wewe. Akakaa nacho. Wiki zote zile nilizomkalisha kwenye kigoda nikimhimiza asome vizuri, alikuwa anajua kwa nini anacho, na kwa kunihurumia hakuniambia.

Nilikwenda. Mwalimu wa maktaba alikuwa msichana wa rika langu, kaletwa kutoka mkoa wa joto, hajaizoea baridi yetu, amejifunga khanga mbili juu ya sketi. Maktaba yenyewe ilikuwa stoo ya zamani ya majembe, wamepigilia mbao ukutani. Hakunificha. Alisema walikuja kina mama, kwanza wawili, baadaye kikundi, wakasema mtoto wangu wamemwona analamba kidole akifunua. Mate yanabaki kwenye karatasi. Mtoto mwingine anaishika ileile, na yeye analamba chake. Wakamwambia wao hawana ubaya na mtu, wanalinda watoto wao. Alikuwa ananieleza huku anapekua rejista kutafuta jina la mwanangu, na alipofika ukurasa uliogandana akalamba kidole.

"Mwalimu, na wewe unalamba," nikamwambia.

Akakitazama kidole chake kama kidole cha mtu mwingine. Akakifuta kwenye khanga. Akasema amehudhuria semina, anajua ukimwi haupiti kwa mate ya kidole, na amewaambia. Wanamwitikia ndiyo mwalimu, ndiyo mwalimu, halafu Ijumaa watoto wanakuja na mikono nyuma.

"Basi mpe cha treni."

"Nikimpa cha treni, nacho kimekufa. Kipo kimoja tu, mama. Akishakishika yeye hakuna mtoto mwingine atakayekigusa. Niambie wewe, nikiue kipi?"

Nilitoka nyumbani na matusi yangu nimeyapanga vizuri, ya Kiswahili na ya Kifipa, na sasa namwona mtu wa kuyapokea ni huyu anayetetemeka kwa baridi kwenye stoo ya majembe, asiye na kosa la kutosha. Nikamwomba basi mwanangu awe wa mwisho, wenzake wakishamaliza vyote ndipo apewe. Akaniuliza wa mwisho ni yupi, na kila Januari wanaingia wengine. Nikaondoka. Nje watoto walikuwa mapumziko, na mwanangu alikuwa amesimama peke yake karibu na mlingoti, anajifanya anakaza soksi.

Sasa mimi ni fundi, na fundi akiumia anashika sindano. Nilichukua kipande cha kodrai, kile kitambaa cha suruali chenye mistari ya kukwaruza, nikamshonea kifuniko cha kidole chenye lastiki kwenye shina. Nikakijaribu kwenye kitabu cha mbuzi. Karatasi ilinasa, ikafunuka bila tone la mate. Nilijiona nimegundua dawa. Jioni ile tulifanya mazoezi, na kila akisahau akapeleka kidole mdomoni anakutana na kodrai, anatema, tunacheka wote wawili mpaka mwenye duka akatoka kuuliza kuna nini. Nikamwonyesha. Akasema mashaallah, akili hii. Ijumaa mwanangu akaenda nacho mfukoni, amenyoosha kola.

Alirudi na mbuzi. Kidole cha kodrai hakukitoa mfukoni mpaka nilipomwuliza. Watoto walikuwa wamemwambia: kama huna, mbona mama yako kakufunga? Mama yako mwenyewe anajua. Na wale wa darasa la kwanza na la pili, waliokuwa hawana habari yoyote, sasa wakapata habari, maana ile kodrai ilikuwa nyekundu na ilionekana kutoka mwisho wa mstari. Nilitafuta ushahidi wa kuwanyamazisha, nikawashonea wao ushahidi.

Nikaenda kwenye kikao cha wazazi. Ajenda ilikuwa matofali ya darasa jipya, nani kaleta, nani hajaleta, na wafugaji waliohamia juzi na ng'ombe zao nao walete au wasamehewe kwanza. Nilinyoosha mkono. Mwenyekiti akasema hilo la vitabu la dada yetu tutaliweka kwenye mengineyo. Mengineyo yalifika watu wakiwa wanasimama kukung'uta sketi. Nilisimama nikasema hivyohivyo, nikasema mtoto wangu ni mzima, nikasema mate hayaambukizi, nikasema mnaokataza mjitokeze hapa mseme mbele yangu. Mzee mmoja akaniambia kwa upole, "Mwanangu, tumekusikia." Ndivyo wanavyokuzika hapa kwetu, kwa upole.

Kwenye benchi nilikuwa nimekaa na jirani yangu wa ukuta mmoja. Tumeombana chumvi tangu naolewa. Binti yake na wangu walizaliwa msimu mmoja, wamekua wanakula sahani moja. Nikamuuliza palepale, na wewe ulikwenda kwa mwalimu?

"Mwenzangu, mimi sina neno na wewe," akasema. "Lakini ninaye mmoja tu."

"Na mimi ninaye mmoja."

Akasogea, kidogo tu, kiasi mkoba wake ukapata mahali pa kukaa kati yetu.

Baada ya pale niliacha kwenda shuleni. Nilimwambia mwanangu mbuzi asirudi tena nyumbani kwangu, kibaki hukohuko. Akatii. Ijumaa zikawa siku kama siku nyingine, ila yeye alichelewa kurudi. Nikimuuliza anasema alikuwa anacheza. Nikafurahi, nikasema angalau kuna wanaocheza naye.

Siku moja nguo za kurekebisha ziliisha mapema. Nikafunga cherehani, nikabeba bunda la suruali za mteja, nikapita njia ya nyuma ya nyumba zetu, kule kwenye mtaro na rundo la matofali ya shule. Nikasikia mtoto anasoma kwa sauti. Anasoma kwa shida, anavuta neno, anakwama, anaanza upya. Nikachungulia.

Binti wa jirani yangu alikuwa juu ya matofali na kitabu magotini. Cha treni. Mwanangu alikuwa ng'ambo ya mtaro, ameketi chini, na mikono yake ameikalia. Ameiweka chini ya mapaja, viganja vimelala ardhini, ili isionekane, isisahau, isije ikanyoosha yenyewe. Yule mwenzake alimaliza ukurasa, akalamba kidole, akafunua, kisha akainua kitabu juu akakigeuza kumwonyesha picha, kama mwalimu anavyoonyesha darasa. Mwanangu akanyoosha shingo. Mwenzake akahesabu kidogo kichwani, akakishusha, akaendelea. Aliposhindwa neno, mwanangu, aliyekuwa ameshalikisia kwa silabi ya kwanza, alimngoja. Hakumsahihisha. Alijua kumsahihisha kuna bei.

Nilipandwa na hasira ambayo sijawahi kuipata, hata msibani. Mtoto wangu, msomaji kuliko huyo, amekalia mikono yake kama mwizi aliyekamatwa. Mtaro ule naruka kwa hatua moja. Nilitaka nikichukue kile kitabu nimpachikie mwanangu mkononi, akishike, akilambe kama anataka, kife, vife vyote, wakose wote. Nikatua bunda. Mdomo nikaufungua.

Mwanangu aliniona. Hakutoa mikono chini ya mapaja.

"Mama, nyamaza," akasema, kwa Kifipa. "Ataacha."

Yule mwenzake alikuwa ameshafunga kitabu, kidole kimebaki katikati, miguu tayari kukimbia. Mama yake akijua atampiga, na hilo sote watatu tulilijua. Alinitazama mimi, akatazama mlango wa kwao, akanitazama mimi.

Nilitafuta la kusema. Sisi wanawake wa mtaa ule tulikuwa tunaita watoto wote wetu, kwa hiyo nikamwambia, endelea, mwanangu.

Hakuendelea. Alingoja aone kama nitakuja. Basi nikarudi nyuma, nikakaa chini penye vumbi, bunda la suruali za watu mapajani, mbali kiasi cha yeye kuona sitaruka. Akasubiri kidogo tena. Kisha akafungua pale kidole kilipokuwa, akatafuta mstari, akausoma ukurasa upya tangu juu. Msichana wa kwenye treni alikuwa ameingia kwenye mlima na hakuna taa.