Onyo Nililolifuta kwa Kidole

Ipo Jumamosi moja isiyokubali kuzeeka pamoja nami, mwanangu. Mvi zimenijaa, magoti yanalalamika kila nipandapo ngazi, lakini Jumamosi ile ingali mbichi. Nakumbuka nilikuwa nimesimama soko la Muthurwa, Nairobi, katikati ya marundo ya mitumba, saa tatu asubuhi, nikijaribu koti lenye mabega mapana kuliko mlango wa kanisa. Simu ya ofisi ikatikisika mfukoni. Laiti ningalijua ilichobeba, koti lingalibaki pale na mimi ningalikimbia.

Lakini nikueleze kwanza nilikuwa nani. Nilikuwa kijana mwenye diploma ya uhusiano mwema, niliyoipata kwa masomo ya jioni. Mchana nilikuwa kibarua katika kiwanda cha sabuni, jioni nimeketi darasani nikinukia hata wenzangu wakawa hawana haja ya kuoga. Siku ya kuhitimu nilivaa joho nikatembea nalo kwa miguu kutoka mjini mpaka kwetu Tassia, na nakuapia mikokoteni yote ilinipisha. Mama Zawadi, mke wangu, husema kwamba nililala nalo. Anatia chumvi. Nilivua kofia.

Kampuni moja ndogo ya maji ya kisima ikaniajiri. Ilikuwa na matangi manne, na mabomba yake yalipeleka maji katika maghorofa ya Tassia na Kware, humo tulimokaa sisi wenyewe. Ndiyo kwanza ilikuwa imefungua ukurasa mtandaoni, na kwa sababu ofisi nzima ni mimi tu niliyeweza kugusa kioo cha simu bila kuogopa kukivunja, nikakabidhiwa ukurasa huo. Afisa wa uhusiano mwema! Nilijiona waziri.

Sasa sikia tulivyofundishwa. Mwalimu wetu, Madam Perpetua, alikuwa mama mrefu, mkali, mwenye sauti ya kuamsha jiwe. Alitufundisha kwamba neno la kampuni hutoka mara moja tu, kwenye karatasi yenye nembo, likiwa na sahihi na muhuri, likapelekwa kwa waandishi wa habari. Kabla ya hapo, kimya. "Neno lisilo na muhuri ni umbea," alisema, nasi tukaliimba kama sala. Hakuwa mwalimu mbaya, mwanangu, usimhukumu. Mitandao ya kijamii ilimkuta silabasi imekwisha kuchapishwa, na mtu hawezi kukufundisha mto ambao haujafika kwake.

Basi nikatazama simu. Mwanamke aitwaye Mama Nekesa, muuza mandazi chini ya ghorofa letu pale Tassia, alikuwa ameandika kwenye ukurasa wetu. Aliweka picha ya beseni lenye maji ya rangi ya chai ya mkandaa, na maneno haya: "Maji ya leo yananuka mtaro. Wenye watoto msiwape."

Moyo ulinipiga paa! Lakini si kwa ajili ya watoto. Ulipiga kwa ajili ya ukurasa. Nilifikiri: meneja akiona haya, kazi sina. Nikampigia. Alikuwa mazishini Bungoma, nyuma yake kwaya inaimba, mawimbi ya simu yanakuja na kutoka.

"Usiseme kitu mpaka nirudi!" akanipigia kelele. "Muhuri uko kwenye droo yangu na ufunguo ninao mimi. Hakuna taarifa bila muhuri. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, bosi. Na huyu mama?"

"Mama gani? Mtoe!"

Nami nikamtoa. Nilibonyeza mara moja tu, maneno yake yakapotea kama hayakuwahi kuwepo. Akaandika tena, sasa kwa herufi kubwa. Nikafuta tena, halafu nikamfungia asiweze kuandika kabisa. Kisha, Mungu anisamehe, nikaona ukurasa umebaki mtupu na wa kutia shaka. Nikatafuta kwenye simu picha niliyokuwa nimeiandaa wiki nzima: glasi ya maji maangavu, mtoto anacheka, na maandishi, "Jumamosi njema! Maji safi, familia yenye afya." Nikaituma. Wazee walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mimi nilidhani likifutwa haliji.

Nikaketi kwenye kibanda cha chai nikaanza kuandika taarifa rasmi ya kungojea muhuri. Niliiandika mara kumi na moja. Ilikuwa taarifa tamu, mwanangu, ingeweza kusomwa harusini. Lakini chai ilinishinda kunywa. Niliitazama rangi yake nikaliona lile beseni. Mara tatu nilishika simu nimpigie Mama Zawadi, mara tatu nikaiweka chini. Nilijiambia: nikimwambia yeye atamwambia jirani, na neno litakuwa limetoka bila muhuri. Ngoja ngoja huumiza matumbo, nawe utaona yaliumia matumbo ya nani.

Ilipofika saa sita alinipigia yeye.

"Baba Zawadi, mtoto anatapika. Hata kusimama hawezi."

"Amekula nini?"

"Hajala. Nilimpa maji tu."

"Maji! Mama Zawadi, si Mama Nekesa aliandika..."

Akasema polepole, bila hasira, na ndiyo sababu sijapona: "Niliona ameandika kitu. Nilipokwenda kukisoma vizuri kikawa hakipo. Halafu nikaona ile glasi. Nikajua ni wewe umeiweka. Nikasema, basi Baba Zawadi ameshahakikisha."

Zawadi wetu alikuwa na miaka minne.

Nilifikaje kliniki ya mtaa sijui. Ninachokumbuka ni mkono wa mtoto ulivyokuwa mwepesi, na muuguzi akisema mwili umekaukiwa, na chupa ikitundikwa, tone, tone, tone. Kwenye benchi walikuwa wamekaa kina mama wengine wawili kutoka Kware, wamepakata watoto wao. Mmoja akanionyesha simu yake. Kulikuwa na lile onyo la Mama Nekesa! Mtu alikuwa amelipiga picha kabla sijalifuta, na sasa lilikuwa linazunguka mitaa yote, na chini yake pameandikwa, "Hili ndilo wanalotuficha." Yule mama hakunijua. Akaniuliza, "Hivi mtu anayefuta kitu kama hiki ana mtoto kweli?"

Nilitoka nje nikasimama ukutani, nikamfungulia Mama Nekesa, nikaandika bila nembo, bila sahihi, bila muhuri: "Msinywe maji yetu. Yaliyo ndani ya ndoo yamwageni. Mama Nekesa alisema kweli asubuhi na mimi ndiye niliyemfuta. Nisameheni. Naenda kwenye matangi sasa hivi, nitaandika hapa nitakachokiona." Nikatia jina langu. Nikaenda. Fundi wetu akafunga valvu, akakuta bomba limepasuka pale linapovuka mtaro. Nikaandika hivyo hivyo, na picha nikaweka. Nilikosea nusu ya herufi, wala hakuna aliyecheka.

Jioni nilimfuata Mama Nekesa kwenye karai lake la mafuta. Aliniangalia kutoka viatuni mpaka kichwani.

"Kumbe ni wewe! Wewe ambaye hunilia mandazi kila asubuhi ndiye ulinifungia? Hata mume wangu, na ukali wake wote, hajawahi kunifungia mlango!"

"Nisamehe, mama."

"Mtoto yukoje?"

"Bado wanamtazama."

Akageuza andazi. Kisha akafunga kumi kwenye gazeti. "Haya ni ya Mama Zawadi pale kliniki. Wewe usile hata moja." Na mimi, kwa heshima, nilikula moja tu.

Zawadi aliamka siku ya tatu akaitisha uji. Wale watoto wawili wa Kware nao walipona. Meneja alirudi na ufunguo wake, akanipa barua ya onyo, nayo ilikuwa na muhuri mzuri sana.

Nilikwenda kwa Madam Perpetua nikitarajia anifariji. Nilimsimulia yote, nikamalizia, "Madam, nilifanya ulivyotufundisha." Alivua miwani. Akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Ndiyo," akasema. "Na hilo litaninyima usingizi mimi, si wewe. Niliwafundisha kusema. Kusikia sikuwafundisha, kwa sababu nilidhani watu hawana pa kusemea. Lakini wewe, kijana, uliyaona maji kwenye picha kwa macho yako. Nani alikufundisha kungoja muhuri ndipo uogope?"

Wiki iliyofuata aliniagiza nije na Mama Nekesa chuoni. Nilidhani ni utani. Alimkalisha mbele ya darasa, kwenye kiti chake mwenyewe, na aproni yake ya unga, akawaambia wanafunzi: "Huyu ndiye mtahini wenu. Lile lalamiko lake liko ubaoni. Mjibuni, naye atatoa alama." Karatasi zikapelekwa mbele. Mama Nekesa akasoma ya kwanza kwa sauti: "Tunathamini maoni yako na tunalishughulikia suala hili." Akaiweka chini. "Huyu anaongea huku anatafuta viatu akimbie. Sifuri." Darasa likavunjika mbavu. Akasoma nyingine, na nyingine, kicheko kikazidi kupungua. Mpaka akafikia moja iliyosema: "Mama, uko ploti gani? Kuna aliyekunywa? Nakuja." Hiyo aliishika muda mrefu. "Huyu saba," akasema. "Kumi nimemnyima, hajasema anakuja saa ngapi."

Tangu siku ile Madam Perpetua aliacha kutumia yale madaftari yake ya zamani. Leo katika chumba kile kile nafundisha mimi, na Mama Nekesa, ingawa meno yamepungua, bado huja kusahihisha.

Nawe utasema, basi mzee, hofu ya nini? Mambo si yamenyooka? Mwanangu, hofu yangu imehamia nyumba nyingine. Wanafunzi wangu wa sasa hawangoji muhuri. Nilipowasimulia hadithi hii mmoja aliniuliza, "Mwalimu, huo muhuri ulikuwa app gani?" Wana vidole vyepesi kuliko nyuki. Mteja akilia, wanamjibu kabla hajafuta machozi, na utani juu, na watu elfu wanacheka. Juzi nilimpa mmoja lalamiko la maji machafu, simu yenyewe ikamtungia jibu, jibu zuri, la upole, lenye pole tatu. Nikamuuliza, "Umeyaona hayo maji?" Akanitazama kama nimemuuliza kama ameuona mwezi kwa nyuma. Haraka haraka haina baraka. Sisi tulidanganya polepole. Nachelea ninyi mtadanganya upesi, na upesi huo watu watauita ukweli. Na mahali fulani atakuwepo mama ameshika kikombe, anaangalia simu, anakuamini.

Zawadi sasa ni mwanamke mzima, hakumbuki chochote cha siku ile. Lakini mpe glasi ya maji, hata iwe safi namna gani, atainusa kwanza. Mama yake hucheka. Mimi hutazama pembeni.

Basi nakuusia, mwanangu unayeanza kazi hii ya kuwa mdomo wa wengine. Kabla hujajibu, nenda ukaone. Kama huwezi kwenda, uliza, na useme wazi kwamba bado hujui. Lalamiko la mtu usilifute, maana maji yakimwagika hayazoleki, na onyo likifutwa tayari liko katika simu ya mtu mwingine. Ukikosea, kosa lako litaje kwa jina lako, palepale ulipolitenda, siku ileile. Na kila unapotaka kuweka picha ya glasi inayong'aa, jiulize kama mwanao aliye nyumbani ungempa anywe.

Mungu akupe masikio kabla ya kukupa sauti. Vidole vyako viwe vizito penye shaka na vyepesi penye hatari. Wanaokuamini wasijute kukuamini, na maji ya nyumbani kwako yawe matamu, mwanangu, wewe na wanao na majirani zako wote, ghorofa ya chini mpaka ya juu. Amina.