Timu yangu ya mvua ilivyozimwa na jua la Evarist pale Kiboriloni

Wakuu, habari za mchana. Mimi humu naingia, nasoma, natoka. Leo naandika, na haya yamenikuta mimi mwenyewe, sijasimuliwa. Shule yangu iliishia darasa la saba, kwa hiyo mkiona herufi imekaa vibaya rukeni, msonge mbele.

Ni mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, Kiboriloni, Moshi. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na tatu, nauza suruali za mitumba. Siku isiyo ya soko nashinda kwenye banda la gemu la mtu tuliyemwita Baba Glory.

Kwanza mjue kitu kimoja. Mimi ni mtoto wa kati. Kwetu Uru, shamba la kahawa na migomba linakwenda kwa mtoto wa kwanza, nyumba ya baba inabaki kwa wa mwisho. Wa kati anapewa baraka. Baba alishanitamkia mbele ya ndugu zangu: "Wewe utafute kwako."

Sasa Baba Glory akatangaza anafungua banda la pili pale Himo, njia panda. Atakayeshinda mashindano ya gemu la madude kabla ya Krismasi ndiye atakayelisimamia, na chumba cha kulala kipo nyuma yake.

Wenzangu waliona mashindano. Mimi niliona pa kuishi.

Kwa wasiolijua lile gemu, kila mtu anakuja na madude matatu kwenye memori kadi yake, yanapigana dude moja dhidi ya moja. Maandishi yote yalikuwa ya Kijapani. Hakuna aliyejua hata herufi, tulikariri vitufe, na majina tuliyabandika wenyewe.

Timu yangu ilikuwa ya mvua. Konokono akiingia uwanjani, mvua inanyesha raundi tano. Kwenye mvua Mamba wangu anakuwa na spidi mara mbili, na pigo lake la radi halikosi kabisa. Dude la tatu lilikuwa Chura, wa kuziba pengo tu.

Adui wa timu hiyo ni jua. Kulikuwa na dude tuliita Kenge, akiingia mvua inakatika, jua linawaka. Hapo Mamba anakuwa mzito kama gunia la mpunga na radi inapiga hewa.

Siri niliigundua peke yangu. Konokono na Kenge wakianza pamoja, mwenye spidi analeta hali yake ya hewa kwanza, mzito anakuja nyuma yake anaifuta. Yaani mzito ndiye mwenye uwanja.

Banda zima walikuwa wanafuga madude yakimbie. Mimi Konokono wangu nikamtwisha jiwe, kuna kitu kama jiwe kwenye gemu, dude likibeba linazidi kuwa zito.

Walinicheka. "Mangi, kwani huyo konokono alikuwa anawahi wapi hata umtwishe jiwe?"

Nikaendelea kucheza. Nikawa nashinda.

Sasa aingie Evarist. Namtaja kwa jina, sina cha kuficha. Alikuwa rafiki yangu, tumepata komunyo ya kwanza siku moja. Miezi kadhaa kabla ya hapo alichukua memori kadi yangu bila ruhusa, akafuta timu yangu yote ili ahifadhi ligi yake ya mpira. Timu ya mwaka mzima. Nikaacha kumsalimia, nikaanza upya.

Wiki tatu kabla ya mashindano, Jumapili baada ya misa, namuona anaingia kwetu Uru. Mkononi ana jani la sale.

Wasio Wachagga niwaeleze. Sale ni ule mmea tunaopanda mipakani mwa shamba. Mtu aliyekukosea akikuletea jani lake, anaomba msamaha, na hukatai. Ukikataa, ubaya unahamia kwako.

"Shikamoo mama," Evarist akasema. Mimi hakuniangalia.

"Marahaba baba. Umekuja na jambo."

"Nimemkosea mwanao."

Nikamwambia mama huyu simtaki. Mama akaniangalia mpaka nikasimama. "Baba yako alipokea sale la mtu aliyemkatia migomba. Wewe umekatiwa nini? Vitu vya kwenye televisheni?"

Nikapokea. Tukanywa mbege, pombe yetu ya ndizi, kibuyu kimoja, yakaisha.

Kosa langu linaanzia hapo, wakuu.

Timu ya hali ya hewa huwezi kuijaribu na mashine, mashine haina akili ya kukutega. Unahitaji mtu. Evarist akasema, "Mashindano mimi siingii. Nitakuwa mtu wako wa mazoezi, nijisafishe." Nikaona mtu niliyempokelea sale nikimficha kitu, nitakuwa bado nina kinyongo. Nikamuonyesha vyote. Jiwe. Uzito. Hata mpango wa akiba: mvua ikikatika namtoa Konokono, naingiza Chura afe, halafu namrudisha Konokono na mvua mpya.

Siku ya mashindano, Jumamosi mchana, tunafika watu wanane. Baba Glory anasoma majina. La nane, Evarist.

Nikamfuata. "Ulisema huingii."

"Baba Glory kaniomba nijaze namba, mangi. Walikuwa saba."

Baba Glory akajifanya anachomeka waya. Baadaye nilikuja kujua Evarist alikuwa anafunguliwa banda kila asubuhi kabla ya wateja, afuge Kenge. Mke wa Baba Glory ni shangazi yake. Wote walijua, mimi tu ndiye sikujua.

Fainali ikawa mimi na yeye. Banda limejaa, mabati yanachoma, jasho linateleza kwenye pedi za kuchezea.

Tukaanza. Konokono wangu. Kenge wake.

Mvua ikanyesha. Nikapumua.

Halafu jua likawaka.

Kenge alikuwa na jiwe. Mzito wa asili, na jiwe juu. Nikageuka kumtazama Evarist, macho yake yako kwenye kioo cha televisheni.

Mtu akasema nyuma, "Leo konokono anakaushwa."

Sikuwa na jingine, nikaenda kwenye mpango wa akiba. Chura akaingia, akafa. Konokono akarudi, mvua ikarudi. Lakini Kenge alikuwa hajatumia pigo lake kubwa, alikuwa amelitunza kwa ajili ya raundi ile. Akalitoa. Konokono chini. Evarist akamtoa Kenge, akamrudisha, jua tena, mvua yangu haikufika hata raundi ya tatu.

Nikabaki na Mamba juani. Kenge alishapigwa na madude yangu yote, damu imebaki kidogo sana, pigo moja linatosha. Nikabonyeza radi, ndilo pigo pekee Mamba alilobaki nalo.

Radi ikapiga pembeni.

Nilipolalamika, Baba Glory akaniambia mbele ya watu, "Si ulipokea sale lake? Sasa unadai nini?" Watu wakacheka. Hata nyumbani nilijibiwa hivyo hivyo.

Evarist akahamia Himo kabla ya Krismasi. Mimi Januari niliteremka Chekereni kulima mpunga wa watu, nikalala kwenye stoo ya mbolea misimu minne. Kifua changu mpaka leo hakiko sawa.

Najua kuna atakayesema "gemu tu hilo". Sawa. Wewe ulikuwa na kwenu.

Nilichojifunza ni kwamba sale linadai msamaha, basi. Halidai siri zako. Mama alinitaka nisamehe, hakuniambia nimkabidhi mtu funguo. Hilo la pili nililiongeza mwenyewe, kwa kuogopa kuonekana mbaya.

Wachagga wenzangu, nirekebisheni kama nimekosea. Na wewe Evarist, kama uko humu, usije PM. Andika hapa hapa chini, watu wasome.