Maneno ya Baba na Maneno ya Barabara

Mwanangu, nakumbuka siku moja ambayo mgongo wangu unaikumbuka vizuri kuliko mimi. Ukiniona naamka kwa kushika ukuta, usicheke. Uchovu wa siku ile haujaniisha mpaka leo.

Baba yangu alikuwa mgonjwa nyumbani kwetu Kasenga, na sote tuliona kwamba hatainuka tena. Kaka yangu mkubwa, Bahati, alikuwa amegombana naye, akaondoka kwa hasira kwenda kuchimba kasiterite, mawe ya bati, kwenye machimbo ya zamani, milimani juu ya Luvungi. Asubuhi ile Baba alinishika mkono, akasema, "Umuambie Bahati akuye. Umuambie minye namungojea." Aje, anamngojea; hakuongeza neno. Nikawasha pikipiki, nikaondoka peke yangu.

Mvua ilikuwa imeiharibu barabara yote ya bondeni. Penye mashimo makubwa nilipanda juu ya tuta la reli ya Wabelgiji. Reli yenyewe iling'olewa kabla sijazaliwa; limebaki tuta tu, na akina mama wanaanika mihogo juu yake, kwa hiyo kila hatua nilikuwa naomba msamaha. Kufika Runingu nikapata pancha. Nilikaa kuziba mpira kando ya kanisa, pale walipotundika kipande cha reli kuwa kengele, na katekista akakigonga karibu na sikio langu kama vile ni mimi niliyechelewa misa. Mbele nikangojeshwa kwenye barieri ya askari, juani, mpaka midomo ikapasuka. Kwenye mpando wa mlima pikipiki ikazimika, nikaisukuma katika tope hadi juu.

Na njia nzima nilikuwa nasema na Bahati moyoni. Kwenye pancha nilimwambia, umeniachia mimi kazi ya kumgeuza Baba kitandani. Kwenye barieri nilimwambia, hasira yako ndiyo inayomuua. Kila taabu iliongeza sentensi yake, na nilipofika juu nilikuwa na hotuba nzima, na ilikuwa chungu.

Jua lilikuwa limeanza kulala. Nyumba za kampuni ya zamani zilisimama bila mapaa, na vigari vya chuma vilishika kutu katika majani. Mama mmoja mzee, aliyewapikia wachimbaji, alikuwa anasonga bugali. Nikamwuliza Bahati yuko wapi.

"Iko mu shimo. Weye ni nani?"

"Minye ni mudogo yake. Baba yetu iko anakufa sababu yake! Nitamuitia huku huku juu, asikie."

Nikaenda mdomoni mwa shimo. Yule mama aliacha mwiko akanikamata shati. Kule, mwanangu, habari ya ugonjwa au kifo haitumwi shimoni. Mchimbaji hupanda kwanza, akanawa, akala, ndipo anaambiwa, maana mtu aliyevurugika moyo akiwa chini husahau kuangalia udongo ulio juu ya kichwa chake. Na aliyeileta habari hula pamoja naye. Mimi sikujua.

Akaniangalia, tope mpaka kifuani, macho mekundu.

"Ile maneno ni ya baba yako, ao ni ya barabara?"

Nikapangusa tope usoni.

"Baba yako alisema nini? Sema yake tu, mutoto yangu."

"Alisema akuye. Alisema anamungojea."

"Basi. Ile ingine yote ni vumbi. Enda unawe."

Niliona haya, lakini zaidi nilikuwa nimechoka, nikatii. Nikanawa. Bahati akapanda, mweupe kwa udongo mpaka kwenye kope, akashtuka kuniona, lakini yule mama akamwonyesha ndoo ya maji, naye hakuuliza kitu. Tukala bugali na ndagala, vile visamaki vya ziwani. Nilimtazama akila, nikaona amezeeka, na hotuba yangu ikaniishia.

"Yaya," nikamwambia kaka yangu, "Baba ni mugonjwa sana. Anasema ukuye. Anasema anakungojea."

"Alisema ananingojea? Yeye mwenyewe?"

"Yeye mwenyewe."

Akafunika uso kwa mikono, akalia. "Minye nilizani hataki tena kuniona."

Alfajiri tulishuka, watu wawili juu ya pikipiki iliyochoka kuliko sisi. Tulimkuta Baba hai. Sauti ilikuwa imeshakwisha, lakini aliweka mkono juu ya kichwa cha Bahati, akauacha hapo hapo. Usiku ule alifariki, na kesho yake tulimzika. Baada ya miaka Bahati aliniambia kwamba kama ningemrushia neno moja la lawama siku ile, angerudi shimoni. Nami namjua, angerudi.

Sasa wewe una pikipiki yako, na watu wanakutuma. Ukipewa neno, lifikishe jinsi lilivyotoka. Ukifika umechoka, nawa uso, kula, kaa kidogo, kisha jiulize unataka kusema ya nani. Uchovu husema kwa sauti yako, na anayeusikia hataikumbuka pancha wala barieri, atakukumbuka wewe.

Nenda, mwanangu. Mungu akulinde bondeni na milimani, akupe mipira isiyopasuka na mama wa kukukamata shati unapokosea. Na kama siku moja utatumwa kwa ndugu yako, akufikishe mapema, mkono wa baba ukiwa bado una nguvu ya kuinuka.